Kiti cha Mstari wa Tatu

Siku wapimaji walipokuja kuhesabu makaburi ya kuhamishwa kwenye kibanja chetu, kabla ardhi haijachukuliwa kwa ujenzi, bibi alikuwa amelazwa hospitalini Kayanga. Alinituma mimi niwaongoze. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, na niliamini kwamba maiti hana haja na mtu. Niliwaonyesha makaburi matatu yenye saruji. Kisha mmoja wao akanyoosha kidole kwenye omulamula uliosimama peke yake kati ya migomba, upande wa ziwa.

"Na ule?"

"Mpaka tu ule," nikasema.

Kwetu mti huo wa majani marefu hupandwa mipakani. Hupandwa pia walipolala wafu. Nilijua yote mawili, na sikumuuliza mtu.

Bibi aliporudi, makaburi matatu yalikuwa yameshahamishwa na tingatinga limesawazisha kila kitu. Alizunguka akiutafuta mti wake.

"Mtoto je, mlimchukua?"

Chini ya mti ule alilala mwanawe wa kwanza, aliyekufa kabla ya kuota meno. Hakunikemea. Laiti angenikemea.

Sasa pale pana ukumbi wa mikutano, uliochorwa na msanifu majengo anayejulikana duniani kote. Siku ya ufunguzi tulialikwa. Tukaambiwa kuwa paa limeiga jani la mgomba. Bibi alilitazama.

"Jani gani hilo?" akasema kwa Kinyambo. "Huyo aliyelichora hajawahi kufunika chungu cha ndizi kwa jani."

Waliokaa nyuma yetu wakacheka. Yeye hakucheka. Hotuba zilipokwisha na watu wakatoka kwenda kula, akanigusa bega.

"Msomi, nionyeshe alipo."

Kilichobaki cha zamani ni jiwe la ufukweni tulipokuwa tukichotea maji. Utotoni nilihesabu hatua kutoka jiwe lile hadi kwenye omulamula: arobaini. Nikaanzia hapo, bibi nyuma yangu, tukaingia kwa mlango wa vioo. Arobaini ikanifikisha mstari wa tatu wa viti. Lakini hatua za mtoto ni fupi. Nilijaribu kufupisha zangu. Kwa kiasi gani?

"Ni hapa?" akauliza.

"Sina hakika, bibi."

"Afadhali. Siku ile ulikuwa na hakika."

Akatoa ndani ya kanga yake kicha cha nyasi kavu, zile tunazotandika sakafuni nyumbani, akainama na kuzitandaza chini ya kiti. Mhudumu wa ukumbi, binti mmoja, akaja mbio.

"Shikamoo, bibi. Samahani, tumeshafagia hapa."

"Marahaba, mwanangu. Mmefagia vizuri. Lakini humu mna mtoto, na sakafu ni tupu."

Binti yule akanitazama mimi. Bibi akanikabidhi nyasi zilizobaki.

"Kama hujui ni wapi, tandika kote."

Nikapiga magoti, nikaanza na kiti kilichofuata.