Umra ya Mtu Aliye Hai

Ajenti aliyenipeleka Riyadh ndiye aliyemwua mume wangu. Alimwua kwa kalamu, ofisini kwake Mombasa, mimi nimekaa mbele yake nimeshika picha za pasipoti.

"Umeolewa?"

Nikamwambia ndiyo, mume wangu ni dereva huko huko Saudia, mji wa Jeddah. Akacheka mpaka akaweka kalamu chini.

"Dada, ukiwa na mume Jeddah nani atakuchukua? Watasema utatoroka umfuate. Tukuandike mjane. Mjane ana watoto wa kulisha, hatoroki."

Akaandika, nami nikatia sahihi. Shule yangu iliishia darasa la tano, lakini neno lile nililisoma vizuri. Hilo nalisema mwenyewe kabla hajalisema mtu. Mume wangu sikumwambia. Utamwambiaje mtu kwamba umemzika ili upate kazi? Nilimwambia tu kwamba madam hataki nizungumzie mambo ya nyumbani.

Madam alikuwa mama wa makamo, mswalihina, na mkali kama pilipili. Pasipoti alinifungia kabatini na nje hanitoi. Ila kwa ujane wangu alikuwa na huruma. Mwaka wa pili alikwenda Makka, akarudi ameshika tasbihi, akaniita jikoni. "Nimemfanyia umra marehemu mumeo," akasema. "Nimetufu kwa ajili yake." Akalia. Na mimi nikalia, maana usiku uliopita marehemu alinipigia simu akalalamika jino linamuuma. Toka siku ile mlango wa kusema kweli ulijifunga. Mtu amekwisha kutembea kwa miguu yake kuizunguka Kaaba kwa ajili ya maiti, utamwambia nini?

Miaka mitatu tulikaa nchi moja bila kuonana. Kisha yakaja yale mabadiliko. Wanawake wakaruhusiwa kuendesha gari, sinema zikafunguliwa, mabinti wa Riyadh wakavaa abaya za rangi. Watu wanasifu, na mimi sikatai. Lakini bosi wa kike wa mume wangu alijifunza gari, akalipenda, akamwambia dereva wake halas, kazi imekwisha. Hati yake ya kutoka nchini ikaandikwa. Alikuwa aondoke Jumapili.

Wiki hiyo hiyo binti wa madam wangu aliolewa. Hakutaka fungate ya Ulaya kama wenzake. Alitaka hoteli moja ya mji mkongwe wa Jeddah, aliyoiona kwenye simu, nyumba ya matumbawe yenye madirisha ya mbao yaliyochongwa kama kitambaa. Walisema zamani alikaa humo mfanyabiashara wa Kifaransa na mkewe. Ikaja ikaanguka nusu, na sasa Wafaransa wengine, mume na mke, wameifufua. Bibi harusi akasema hawezi kupiga pasi mwenyewe. Madam akaniambia funga nguo zako.

Nilimpigia mume wangu nimejifungia chooni. "Mungu amefungua," akasema. Tukapatana Ijumaa, baada ya alasiri.

Hoteli ile ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Ua katikati, chemchemi ndogo, ngazi za mawe zilizolika kwa miguu ya watu waliokufa. Yule Mfaransa wa kike alitembeza wageni akiwasimulia jinsi mfanyabiashara yule alivyompenda mkewe, akamwekea dirisha la kutazama bahari. Asubuhi kulikuwa na mikate ya siagi iliyokunjwa kama mwezi mchanga. Kitandani kwa maharusi walimwaga maua ya waridi, na kazi yangu ilikuwa kuyaokota, maana yanatia madoa shuka. Niliyaokota siku mbili. Wanacheka nyuma ya pazia, mimi niko magotini na ndoo.

Ijumaa nilioga mapema nikajifukiza udi. Bibi harusi akaninusa. "Leo wanukia vizuri, dada. Kuna nini?" Nikasema ni Ijumaa, madam mdogo.

Nilikuwa nimepanga tutoke, tutembee vichochoroni, tukae popote tu. Lakini mume wangu alifika mapema. Mtu aliyengoja miaka mitatu, atangojaje zaidi? Nilishuka ngazi nikamkuta amesimama uani, shati jeupe la kuazima, amekonda, na mbele yake bibi harusi anamuuliza anamtafuta nani. Akageuka kwangu.

"Dada, huyu nani?"

Ningesema ndugu yangu. Kila mwenzangu niliyemsimulia ananiambia hivyo, na mimi nilishajiambia mara elfu. Lakini mume wangu ananitazama usoni, ndevu zake zimeanza mvi bila mimi kuziona, na ulimi ukakataa kumwita ndugu mtu niliyezaa naye. Nikatafuta neno la karibu naye lisilokuwa la haramu.

"Shemeji yangu," nikasema. "Ndugu wa marehemu."

Maneno hayo nilisema kwa Kiarabu changu cha jikoni, na mume wangu Kiarabu anakijua kunishinda. Niliona kope zake zikipiga mara moja.

Bibi harusi alikuwa mtoto mwenye adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniua. Shemeji si maharimu. Mjane haachwi peke yake na shemejiye. Kwa hiyo akaagiza chai, akatuketisha kando ya chemchemi, na yeye mwenyewe akakaa katikati yetu kulinda heshima yangu.

"Angekuwa ndugu yako," akaniambia kwa upole, "ningewapa kile chumba chetu cha juu mkae mzungumze mpaka magharibi. Sisi tunatoka. Lakini hivi, haifai."

Nikameza chai ya moto nikaungua koo.

Kisha akamgeukia. "Mama yangu alimfanyia umra ndugu yako. Mungu amrehemu."

"Amin," mume wangu akasema. "Mungu amlipe mama yako." Halafu, kwa Kiswahili, akitabasamu kama anayeulizia watoto: "Kumbe nimeshasamehewa dhambi na roho ninayo. Lini ulinizika, mama?"

"Baba watoto, ni karatasi ya ajenti tu."

"Na aliyetia sahihi nani?"

"Ningekwambia..."

"Mwambie huyu binti. Mwambie sasa hivi kuwa mimi ni mumeo. Nami Jumapili naondoka, watanifanya nini?"

"Na mimi je? Watanirudisha kesho. Karo utalipa na nini, na wewe kazi huna?"

Bibi harusi akatutazama mmoja mmoja. "Anasemaje?"

"Anauliza habari za watoto," nikasema.

Mume wangu akamaliza chai yake taratibu, akaweka kikombe, akamshukuru yule binti, akanipa mimi salamu ya mkono kwenye kifua, ya mbali, kama shemeji. Robo saa haikufika.

Nilimaliza mkataba, na mwingine juu yake. Simu zake zilipungua kisha zikakoma. Niliporudi nyumbani nilimkuta mwanamke mwingine anafua kwenye beseni langu. Watu wanamlaani huyo mwanamke. Mimi sina neno naye, hanijui. Ninao wangu wa kulaani: ajenti, ambaye hadi leo ana ofisi, madam aliyefungia pasipoti yangu huku akiniombea, na mume wangu, aliyekula karo ya watoto niliyotuma miaka yote hiyo huku akijiita maiti.

"Nilingoja useme," aliniambia mlangoni. "Ungesema neno moja pale mbele ya yule mtoto, ningekungoja miaka kumi."

Jibu nilikuwa nalo tangu Jeddah, nimelipika na kulipasha moto mara nyingi. Lilipofika kinywani nikaona amezeeka, na jino lile lililokuwa likimuuma limeng'olewa. Nikamuuliza watoto wanatoka shule saa ngapi, nikakaa juu ya sanduku langu kuwangoja.