Nani Alimfunga Mama Kitambaa

Mama yangu huenda hospitalini akiwa amevaa kama anaenda harusi. Sisemi hivi kumcheka. Kwetu Gilgil wamama wengi hufanya hivyo. Ukienda kuonwa na daktari unaoga, unajipaka mafuta, unavaa rinda la Jumapili na viatu vilivyopigwa rangi, kwa sababu daktari ni mtu wa heshima na wewe pia ni mtu. Ukiangalia benchi ya kungojea unaweza kudhani ni kwaya imekuja kuimba.

Ajali iliyompeleka hospitalini ilikuwa ya kijinga. Mama huuza karoti na viazi kando ya barabara kuu. Pikapu ikarudi nyuma bila dereva kuangalia, ikagonga meza, meza ikamsukuma mama, akaangukia bega la kulia. Dereva alikubali makosa mbele ya watu na mbele ya polisi. Ndiyo maana sote tulidhani kesi ya fidia itakuwa rahisi. Hata wakili wetu alidhani hivyo.

Mimi niko kidato cha tatu, shule ya kutwa, kwa hivyo mimi ndiye niligeuka mkono wa kulia wa mama. Nilikamua nguo, nikasonga ugali, nikamsuka. Asubuhi nilimvisha blauzi nikianza na ule mkono mgonjwa, vile watu huvisha mtoto. Mwisho kabisa nilimfunga kitambaa cha kichwa, maana mkono wake haukufika hata kwa sikio. Hapo alikuwa anafunga macho. Hakuwahi kulia. Alisema tu, "Kaza kidogo, nisikae kama nimetoka kulala."

Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali ninalolijua, najibu nikiangalia dawati. Wageni wakija naingia jikoni nakaa huko mpaka chai iishe. Ndugu yangu mdogo huniambia, "Wewe hata ukipigwa na waya wa stima utasema asante."

Siku za kliniki nilimsindikiza mama mpaka Nakuru nikimbebea mkoba. Tukifika mlangoni mwa daktari, alikuwa anavua ule mkanda wa kuning'iniza mkono, anaukunja na kunipa niuweke ndani ya mkoba.

"Huu umechafuka. Nitaingiaje kwa daktari na kitu kama hiki?"

Daktari anainua kichwa. "Mama, unaendeleaje?"

"Mzuri sana, daktari, tunashukuru Mungu. Na wewe? Watoto ni wazima?"

Daktari anaandika. Mimi nimesimama kando ya mlango na mkanda uko mkobani.

Kwa mama hilo halikuwa swali la bega. Lilikuwa salamu, na salamu hujibiwa "mzuri" hata kama nyumba inaungua. Shida husemwa baadaye, mtu akishakuuliza mara ya pili. Lakini daktari hakuwa na nafasi ya kuuliza mara ya pili, foleni ilifika nje. Halafu mama akaanza kuruka kliniki. "Huko kuna watu wagonjwa kweli," alisema. "Mimi nitaenda kumsumbua daktari wa watu ya nini?"

Siku moja wakili akatuita ofisini kwake. Ni mwanamke mpole lakini hazunguki.

"Mama, nimesoma faili yako ya hospitali. Kila mahali wameandika unaendelea vizuri. Hakuna maumivu, hakuna shida ya mkono. Na kliniki zingine hukuenda. Watu wa bima ya ile pikapu wanasema ulipona zamani."

"Lakini sijapona."

"Mimi ninaona hujapona. Daktari ulimwambia?"

Mama akanyoosha rinda lake kwa mkono wa kushoto.

"Utamwona mara moja tena, halafu ataandika ripoti ya korti," wakili akasema. "Usiongeze hata kidogo. Ukiongeza watajua. Lakini usipunguze, maana ripoti ikitoka kama hii faili, sina la kusema mbele ya hakimu."

Nyumbani mama alikuwa amekasirika. "Sasa wanataka nikalie daktari kama mtoto?"

"Mathe, kalia tu," ndugu yangu akasema. "Nitakufundisha. Unaanza hivi." Akajitupa kwa kiti akishika bega na kupiga nduru. Mama alicheka mpaka bega likamuuma kweli, akamtupia mwiko kwa mkono wa kushoto.

Siku ilipofika alivaa rinda la kijani. Nikamfunga kitambaa kinacholingana nalo. Tulipofika mlangoni nikaona mkono wake wa kushoto unaenda shingoni wenyewe, unavua mkanda, unanipa. Nikaupokea. Sijui kwa nini niliupokea.

"Mama, unaendeleaje?"

"Mzuri sana, daktari."

Jibu lilitoka kabla hajajua. Nilimwona akishtuka, akitafuta pa kuanzia. "Ni haka kabega tu," akasema, "kidogo."

"Katapona pole pole," daktari akasema, na kalamu ikaanza kutembea.

Nilijua inaandika nini.

"Daktari," nikasema, na sauti yangu ikanishtua mwenyewe. "Muulize ni nani amemfunga kitambaa."

Mama akageuka akaniangalia vile aliniangalia siku niliyomwaga chai mbele ya wageni. Daktari naye akaniangalia, nafikiri ndiyo mara yake ya kwanza kuniona. "Ni nani, mama?"

"Ni huyu," mama akasema.

"Hebu kifungue, halafu ukifunge tena."

Alikifungua kwa mkono wa kushoto. Yale matuta niliyomsuka yakaonekana, moja limeenda kombo. Mkono wa kulia ukaanza kupanda. Ukapita kifua, ukakaribia kidevu, ukakwama hapo ukitetemeka. Mama mwenye rinda zuri hivyo, kichwa wazi mbele ya mwanaume, jasho usoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini sikuangalia chini.

Daktari akaweka kalamu mezani. Akauliza nani anafua. Akauliza analalia upande gani. Mwanzoni nilijibu mimi, kisha mama akaanza kujibu mwenyewe, taratibu, bila kuongeza. Nikatoa mkanda mkobani. "Na hii huwa anavua hapo mlangoni, kila mara."

"Kumbe!" daktari akasema. "Siku zote nimekuwa nikitibu rinda."

Mama ndiye alicheka wa kwanza.

Aliandika kila kitu, hata habari ya mkanda. Akamtuma kupigwa picha nyingine, ile inayoonyesha nyama za ndani na si mfupa tu, na picha ikaonyesha zimechanika.

Nje kwenye korido nilimfunga kitambaa tena nikingoja kugombezwa.

"Umenivua kitambaa mbele ya watu," akasema.

"Pole, mama."

"Kaza."

Mama mmoja kwenye benchi akamuuliza, "Huyu ni msichana wako?"

"Ni wangu," mama akasema, akajinyoosha. "Huwa haongei. Ukimsikia ameongea, jua kuna kitu."

Nimeyaandika hayo maneno hapa ili nisiyasahau.

Baada ya hapo hakukosa kliniki tena, hata wakati wa kung'oa karoti. Watu wa bima walipomwita kwa daktari wao, aliingia peke yake, mkanda shingoni. Nilikuwa nimeufua. Alipotoka akaniambia, "Ameniuliza naendeleaje. Nikamwambia, salamu ni mzuri. Sasa tuongee juu ya bega."

Bima walikubali kulipa, pamoja na upasuaji. Mimi hujivunia kwa sababu niliongea, lakini hujivunia mama zaidi, kwa sababu mimi nilisema jambo moja tu, naye ilibidi ajifunze kujibu upya akiwa mtu mzima.

Bado huvaa rinda la Jumapili akienda kuonwa. Wiki hii, mara ya kwanza tangu upasuaji, alijifunga kitambaa mwenyewe, mikono yote miwili. Kilikuwa kimeenda upande. Sikusema kitu.