Baba wa Kundi la Bata

Lyle Haugen hakujitolea kambini kwa kuwapenda watoto wa watu, asikudanganye mtu. Alikuja kumtafuta mtoto wake mmoja, Signe. Mimi nilikuwa mpishi wa pale, kazi yangu mikate ya soseji na maji ya limau, na dirisha la jikoni linatazama ziwani, kwa hiyo hadithi hii sikusimuliwa.

Kambi yetu, hapa Minnesota, ni ya watoto wakati wa likizo ya shule, nayo ni ya kutwa. Watoto huletwa asubuhi, jioni wazazi wakapanga magari foleni kuwachukua, na hivyo ndivyo Julai yetu inavyokwisha. Vijana wanaolipwa ni wachache, kwa hiyo bila wazazi wa kujitolea haisimami.

Lyle alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Signe alitambaa, akasimama, akang'oka meno ya utoto, baba yuko barabarani huko Nebraska. Renae, mkewe, akachoka, wakaachana, na mahakama ikampa Lyle mtoto wikiendi moja moja, kwa kupokezana. Sasa Renae alikuwa ameolewa tena, na mume mpya ana nyumba Arizona, jimbo la mbali kusini, na walitaka kuhamia huko na mtoto kabla shule hazijafunguliwa. Lyle akapinga. Jaji akasema mtoto ana miaka tisa, ana akili zake, atamwita amsikilize mwenyewe anataka kukaa na nani.

Hapo ndipo Lyle alipokumbuka kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Akaacha lori, akashika kazi ya usiku kwenye ghala moja hapa mjini, na mchana akaja kuomba fulana ya njano ya wazazi wa kujitolea. Siku anaichukua alipita jikoni kwangu, uso umemchangamka kama wa bwana harusi. Akaniambia, "Arlene, nitamwona kila siku. Na yeye anione."

Masikini, hakuwa ameijua kanuni ya Beverly. Beverly Stohl ndiye mkuu wa kambi, na kanuni yake ni kwamba mzazi hawekwi kundi la mtoto wake, wala hamhudumii mtoto wake kuliko wengine. Sisemi ni kanuni ya kipuuzi. Tuliwahi kuwa na mama mmoja aliyemtanguliza mwanawe kwenye kila mchezo, mpaka wazazi nusura washikane mashati. Lakini Beverly akishika jambo halegezi. Signe alikuwa kundi la Mwewe, la wakubwa. Lyle akapewa Bata, wale wa miaka mitano, wanaolia hata mchanga ukiingia kwenye kiatu.

Siku ya kwanza tu alimwona Signe anahangaika kujipaka mafuta ya kukinga jua mgongoni, mkono haufiki. Akavuka uwanja akampaka. Baba kumpaka mwanawe mafuta, kuna dhambi gani hapo? Beverly akamsimamisha mbele yetu sote, kwa ile sauti ya upole inayouma kuliko matusi, akamwambia akirudia atamtaka arudishe fulana na aondoke. Lyle, pande la mtu lile, akanywea. Kuanzia siku hiyo alikuwa akimtazama binti yake kwa mbali tu, wakati wa chakula, na Signe akimpungia mkono mara moja moja. Kila akipungiwa, Lyle hula mpaka makombo.

Kilichoniumiza ni kwamba alikuwa mlezi wa kweli. Hakuna aliyelitarajia. Bata walimpanda mabegani, walimfunga vitambaa kichwani, akaimba nao nyimbo za kipuuzi kwa sauti yake mbovu. Kulikuwa na mtoto mmoja, Emmett, anayeogopa maji hata ya kunawa uso, na Lyle alikaa naye ukingoni siku nyingi akimzoesha, leo vidole, kesho magoti, bila kumharakisha. Signe aliyaona yote hayo. Mara nyingi nilimwona ameacha mchezo wa kundi lake, amesimama anatazama jinsi baba yake anavyomfundisha Emmett kupuliza mapovu. Yeye kuogelea alifundishwa na mwalimu wa bwawa la mji, Lyle akiwa safarini.

Basi ikaja siku ya ziwa. Majini kwetu hakuna mtoto wa peke yake. Kila mmoja ana mwenzake, na filimbi ikilia, popote mlipo, mnashikana mkono na kuuinua juu mhesabiwe. Ni wawili wawili, hapana watatu, maana mara moja zamani watatu walihesabiwa wawili na tukahaha. Mwenzake Signe alikuwa Britta, na Britta aliumwa na nyigu, akaletwa kwangu kuwekewa barafu. Signe akabaki hana mtu. Kiongozi wake, kijana wa sekondari, akili zote ziko kwa wasichana wa upande wa pili, hata hakuona.

Signe akakata maji mpaka walipo Bata. Lyle alikuwa amesimama na Emmett, maji yanamfika mtoto kifuani kwa mara ya kwanza, amemng'ang'ania mkono. Mimi nilikuwa ukingoni na jagi la maji ya limau, nikasikia.

"Baba, uwe mwenzangu."

Lyle akageuza macho kwenye gati. Beverly amesimama pale, filimbi mdomoni.

"Siwezi, mwanangu. Mimi niko na Emmett. Mwambie kiongozi wako akutafutie mtu."

"Emmett anaweza kwenda kwa mwingine."

"Signe, unajua kanuni."

Filimbi ikalia. Mikono ikainuka ziwa zima, ya Lyle na Emmett ikiwemo, na Signe amesimama kando yao, mikono yake imening'inia. Beverly akaita kwamba asiye na mwenzake atoke majini. Hakukosea, ndivyo tunavyoita. Mtoto akatoka mbele ya kambi nzima, akapita karibu nami bila kuninyanyulia uso, akaenda kujifunga taulo. Hakulia. Afadhali angelia.

Jioni nilimvaa Lyle. Sikumbakizia. Nilimwambia mtu mzima amemwogopa mwanamke mwenye filimbi kuliko alivyomhurumia mwanawe. Akanijibu taratibu, "Wangenifukuza, Arlene. Ningezikosa siku zote zilizobaki." Nikamwambia siku ameziokoa, haya, na azikumbatie. Maneno yale yalikuwa makali, na siyarudishi.

Signe hakumpungia mkono tena. Wiki iliyofuata akapelekwa kwa jaji.

Siku ya kufunga kambi, watoto wakiwa wanakusanya mataulo yao, Signe alimwendea baba yake mwenyewe. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Jaji aliniuliza wewe ukoje," alimwambia. "Nikasema wewe ni baba mzuri sana. Nimekuona ukiwa na Emmett."

Lyle akatabasamu, mjinga yule, kabla hajamaliza kusikiliza.

"Halafu akaniuliza nataka kukaa na nani. Nikamwambia Mama."

Akamkumbatia kiunoni, kama mtu anayeaga wageni, akaenda kwenye gari la Renae lililokuwa mbele ya foleni. Lyle alibaki na mikono wazi. Nilitaka kumwambia kitu, lakini nilikuwa nimekwisha kusema yangu.

Beverly ndiye aliyemwendea. Alikuwa amesikia habari za Arizona, katika mji huu nani hasikii, na naamini kwa roho yake alidhani anamfariji. Alimshika bega, akamwambia wazazi wote wa Bata wamemsifu, hajapata mtu wa kujitolea kama yeye tangu aanze kazi, na angependa sana arudi.

"Mwakani hutakuwa na mtoto hapa," akasema, "kwa hiyo ile kanuni haitakuhusu. Utachagua kundi lolote unalotaka."

Lyle akamshukuru. Hapa kwetu Minnesota tumelelewa kushukuru hata tukichomwa kisu. Kisha akapiga goti kumfunga Emmett kamba za viatu, maana gari la mama yake lilikuwa bado nyuma kwenye foleni.