Salamu ya Upande wa Kushoto

Hapa Birongo unaweza kukosa sadaka kanisani ukasamehewa. Kukosa salamu ni neno jingine. Ndiyo maana Persis, mke wa Nyamongo, aliitwa mwenye maringo kabla hajaitwa mgonjwa.

Ushahidi ulikuwepo, nasi majirani tuliukusanya kwa bidii. Mikono yake ilinenepa, taya likapanuka, na sokoni Mosocho akaanza kununua viatu vya kiume. Tukasema chai imemkubali. Kisha akaanza kuwapita watu njiani kama nguzo za stima. Aliyeumia zaidi ni Bosibori. Tangu walipoolewa huku, wawili hao walichuma chai kwenye mistari iliyopakana, Bosibori kushoto, wakicheka hadi vikapu vijae. Asubuhi moja Bosibori alimsalimia "Bwakire buya", yaani habari za asubuhi kwa Kigusii, mara mbili kutoka ubavuni, asijibiwe. Akahamia upande wa pili wa shamba, akafunga mdomo.

Kilichompeleka Persis Kisii mjini ni maumivu ya kichwa, na siku alipogongana njiani na ng'ombe ambaye hakumwona kabisa. Daktari wa macho alimwambia atazame mbele tu, akanyoosha kidole mbali pembeni, akakileta polepole.

"Sema ukikiona, mama."

Persis alinyamaza mpaka kidole kilipokaribia kufika usoni. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya Persis yalikuwa na mapazia mawili, moja kila upande.

Picha ya kichwa ilionyesha uvimbe chini ya ubongo, kwenye tezi inayoamuru mwili ukue. Si saratani, daktari akasema, wala hausambai, lakini unakandamiza mishipa ya macho. Utatolewa kupitia puani.

"Puani?" Nyamongo akashangaa. "Hapo hata mafua hupita kwa shida!"

"Na nitaona tena pembeni?" Persis akauliza.

"Wengi huona. Siwezi kukuapia."

Persis akalia, wala si kwa kuogopa kisu.

"Kumbe Bosibori alinisalimia," alisema.

Nyamongo akataka kwenda kumweleza Bosibori. Persis akakataa katakata.

"Atasema ni kisingizio. Salamu haielezwi, Baba Purity, hutolewa. Nikirudishiwa macho, nitamsalimia mwenyewe."

Upasuaji ulifanyika Nairobi. Alirudi pua imeziba, amekatazwa kuinama na kupenga kamasi, na akapangiwa kupimwa damu na kupigwa picha tena, maana uvimbe wa aina hiyo huweza kuota upya. Mikono ilipungua kidogo. Miguu ilikataa, kwani mfupa ukishakua haurudi nyuma. Sisi tulimtembelea na ndizi na maswali. Bosibori hakuja. Hilo lilinikasirisha, nasema wazi.

Siku Persis aliporuhusiwa kurudi shambani, Bosibori alikuwa akipita kwenye kijia cha kushoto, kikapu mgongoni, macho mbele. Persis alikuwa akichuma. Hakugeuza kichwa.

"Bwakire buya, Bosibori. Hicho kitambaa cha kichwa ni kipya."

Bosibori akasimama. "Umenionaje na hujageuka?"

"Leo nimekuona. Siku ile sikukuona, mama. Kweli sikukuona."

Bosibori alitazama vile viatu vya kiume, kisha uso wa rafiki yake, na machozi yakamtoka.

"Bwakire," akaitikia, akaingia kwenye mstari wake wa kushoto, akaanza kuchuma.