Mashemasi Wawili, Mgonjwa Mmoja

Asubuhi, jua halijapasha mabati, Mama Pasi anamgeuza mwalimu mstaafu ubavu, taratibu, mkono mmoja begani, mwingine nyongani. Anachomoa shuka lililolowa, anatandika kavu. Mgonjwa anashusha pumzi, anafumbua macho.

"Mwenzako haji leo?"

Mama Pasi analitia shuka chafu kwenye beseni. "Atakuja, Mwalimu."

Jina hilo la utani alilipata kwenye kibanda chake sokoni, anakofua na kupiga pasi nguo za watu. Ni shemasi wa kanisa lake, mwaka wa tisa sasa. Mchungaji ana madhabahu. Mashemasi wana wagonjwa, wajane na wafiwa, na hawalipwi. Akiwa kwa mgonjwa, kibanda kimefungwa, wateja wanakwenda kwingine.

Hilo halimuumi. Kinachomuuma ni wifi yake, dada mdogo wa mumewe, msusi aliyesimikwa ushemasi mwaka jana. Walikuwa wakipokezana zamu kwa Mwalimu. Wifi ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Akiimba, Mwalimu hutabasamu, yeye asiyewachekea hata wanawe.

"Mimi nafua, yeye anapendwa," anasema Mama Pasi huko uani, akilikamua shuka kama analinyonga. "Wivu ninao. Nikisema sina, nitakuwa namdanganya Mungu mchana kweupe."

Wiki iliyopita alimwachia wifi zamu nzima makusudi. "Nilisema, leo naye aguse uchafu, tuone kama ataimba."

Alipopita baadaye kuchungulia, alimsikia Mwalimu akilia. Wifi alikuwa kando ya kitanda, shuka mkononi, naye machozi yakimtoka.

"Wifi, nimeshindwa kumgeuza. Kila nikimgusa anasema, 'Niache, mwite Mama Pasi.' Kila siku Mama Pasi, Mama Pasi! Unadhani mimi sioni wivu?"

Mama Pasi anakiri kwamba kwanza alifurahi. Kisha akaona haya, maana aliyekuwa akiumia ni mgonjwa. Alimshika wifi yake mikono, akamwonyesha palepale pa kukamata na pa kuegemeza.

Wivu umekwisha?

"Thubutu!" anacheka. "Umepungua, haujahama."

Tangu siku hiyo wanamhudumia pamoja. Wifi anajifunza kugeuza. Mama Pasi, anayesema sauti yake inakwaruza kama sufuria iliyoungua, anajifunza wimbo mmoja.

"Nataka siku moja nimwimbie Mwalimu peke yangu, mpaka mwisho," anasema, akianika shuka. "Akisinzia, nitamshukuru Mungu. Akicheka, basi, nitaanza upya."