Swali Lililokuwa Jina la Jarida

Harufu ya majani chai yakikaushwa ilitufikia kila mchana kutoka kiwandani, upande wa Itumbe, ikakaa kwenye mapazia, kwenye sare yangu ya shule, hata kwenye mto niliolalia. Nilikuwa kidato cha pili, na nyumbani kila mtu alishajua nitakuwa nani. Nilipewa jina la Kerubo, dada yake baba, muuguzi aliyefariki kabla sijazaliwa. Kwa hiyo mgeni akija, Tata, kama tulivyomwita baba, alinishika bega na kusema, "Huyu ndiye sista wetu," yaani muuguzi wao. Nami nilitabasamu. Hakuna aliyejua nilichokitaka. Mpima ardhi alipokuja kumaliza ugomvi wa mpaka kati yetu na jirani, nilimshikia utepe wake siku nzima, nikaona wanaume wawili wasiosalimiana wakinyamaza mbele ya kipimo. Tangu siku hiyo niliitaka kazi ile, na niliitaka kwa siri, kama mtu anayekula kitu alichokatazwa.

Muhula wa pili mwalimu wetu wa ushauri, Mwalimu Nyaboke, alitukusanya wasichana watano tuanzishe jarida la shule kuhusu kazi na kujiamini. Kwanza jina. Wenzangu walitaja Nyota, Mwanga, Taa ya Msichana. Mwalimu akaniangalia. "Kerubo, wewe je?" Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikasema, "Wewe Unataka Nini?" Akadhani namuuliza yeye. Wasichana walicheka, nikaeleza kwamba hilo ndilo jina, na mwalimu akafuta majina yote ubaoni, akaliandika hilo. "Aliyetoa swali ndiye atakayelijibu kwanza," akasema. "Ukurasa mmoja, Ijumaa."

Niliandika kurasa mbili kuhusu utepe na mpaka. Nilizisoma mara tatu, na kila mara niliona kama Tata anazisoma nyuma yangu. Alhamisi nilizichana, nikaandika nyingine kuhusu shangazi, sare nyeupe na wito wa kuwahudumia wagonjwa. Makala hiyo ilitoka jaridani ikiwa na jina langu, chini kabisa ya lile swali. Tata alilitia jarida ndani ya Biblia yake, na siku ya Sabato akalisoma kanisani, sauti ikimkatika alipofika kwa dada yake. Watu wakaitikia amina. Nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la mbele kati ya akina mama wawili wanene, nikitamani kutoka nje, na kila mmoja wao alinipapasa goti kwa upendo. Kesho yake, tukichuma chai, mama aliniuliza bila kugeuka, "Yale uliyoandika ni yako?" Nikasema ni yangu. Akaendelea kuchuma.

Leo nina miaka kumi na minne katika wodi, mjini Kisii. Kazi naijua, na wagonjwa huniulizia kwa jina, lakini asubuhi nyingi huvaa sare kama mtu aliyeazimwa nguo na hajui lini zitadaiwa. Mwezi uliopita wauguzi vijana waliniomba niwatafutie jina la jarida lao la kutumiana kwa simu, kuhusu kazi na kujiamini. Nilishindwa wiki nzima, kila jina likinirudisha kwenye lile swali langu. Mwishowe nilienda nyumbani nikamwambia Tata, ambaye sasa hasikii vizuri, kwamba sikuwahi kutaka uuguzi. Nilitaka kupima ardhi. Ilibidi niseme mara mbili, kwa sauti ya juu.

"Lakini uliandika mwenyewe," akasema. "Mimi niliamini ulichoandika."

Nilirudi mjini na maneno hayo. Vijana wale wana simu, wana vikundi, wana watu wengi wa kuwauliza. Sisi tulikuwa na ubao mmoja na Ijumaa moja. Hata hivyo sidhani kama woga umepungua. Jana niliwaandikia kwamba jina sitawapa, walichague wenyewe, na atakayelitoa asilazimishwe kuandika lolote mpaka awe tayari.