Mkwe Aliyevunja Lugha

Leimara, binti wa kisiwa cha Epi, aliletwa kijiji cha Lesau na mashua ya mbata, kwa mumewe Salas. Mama mkwe, Ro Womal, alimpokea kwa sharti moja: Kibislama, lugha ya mchanganyiko ya visiwa vyote, akiache ufukweni. Anayetaka maji katika nyumba hii, aombe kwa lugha ya nyumba hii.

Leimara akakaa na kiu, akajifunza. Kila alipofungua kinywa, Ro Womal aliacha kuponda shelisheli akacheka mpaka machozi. "Jamani, njooni! Mkwe wangu anaivunja lugha tena!" Na watu walikuja, maana kumcheka mgeni ni bure. Leimara akazeeka akitamani jambo moja tu: aambiwe na yule mama, japo mara moja, kwamba amesema vizuri.

Wanawe mwenyewe Ro Womal alikuwa amewalea kama mayai. Lugha ya kijiji kimoja ingewafikisha wapi? Aliwasemesha Kibislama, shule ikawaongezea Kiingereza, wakapata kazi mjini, hata Salas, aliyemwacha mkewe kwa mama. Akatamba. Wazee wenzake nao walitamba hivyo hivyo, kisha wakafa mmoja mmoja.

Zamu yake ilipofika, wanawe walirudi na maua ya plastiki. Lakini Lesau marehemu huimbiwa njia kwa lugha yake. Asipoimbiwa, roho haiondoki, hubaki jikoni kusumbua watu.

"Kaka, wewe ndiye mkubwa, imba," alisema Rosale, dada yake Salas.

"Mimi najua 'njoo ule' na matusi mawili. Nayo ni yale aliyonitukana yeye."

Wote wakamgeukia Leimara.

"Mimi? Si navunja lugha?"

"Wifi, tusitiri. Leo si siku ya kulipiza."

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leimara alikaa kichwani pa maiti, akamwimbia kila jabali na kila mkondo wa kupita. Aliimba vizuri, naye alijua. Kilichomuuma ni kwamba wa kulikiri hilo alikuwa amefunikwa mkeka.

Karibu na mwisho akakosea makusudi. Lilikuwa lile kosa lake la zamani, lililomvunja Ro Womal mbavu miaka yote. Akangoja kicheko. Waombolezaji wakainamisha vichwa kwa heshima.

"Umeimba vizuri, wifi," Rosale alimnong'oneza. "Hukukosea hata neno."

Hapo Leimara akaangua kilio, ikabidi ashikwe. Watu wakatazamana: kumbe alimpenda mkwewe!